Zamu ya Mchana

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeaibika darasani. Sentensi mbili tu! "The floor is washed." "The floor has been washed." Mwalimu anaonyesha picha, wewe unachagua inayofaa. Nimechagua kama mtu anayecheza bahati nasibu, na nimeambulia patupu kila mara.

Nilivyoelewa ni hivi. Ya kwanza ni desturi: sakafu huoshwa, ndivyo ilivyo, dunia nzima inajua. Ya pili ni jambo lililokwisha kufanyika na alama yake ipo: sakafu imeoshwa, pita pembeni usije ukateleza. Basi! Kwa Kiswahili hata mtoto anayejifunza kuongea hakosei. Kwa Kiingereza ulimi wangu unagoma.

Mwalimu wetu ni nesi mstaafu. Tumembandika jina Bi Zamu, maana kila kitu kwake ni zamu – kufuta ubao zamu, kufungua dirisha zamu, kukosea zamu. Jirani yangu wa dawati ni kinyozi. Yeye naye anataka kwenda kutunza wazee ng'ambo. Alininong'oneza kwamba mtu akimwambia kichwa kimenyolewa, yeye anaangalia kichwa, haangalii sarufi. Nikacheka, nikaulizwa mimi swali lililofuata. Nikakosa.

Si mchezo lakini. Wakala ameshanipatia nafasi kwenye nyumba ya wazee, nchi ya mbali. Kilichobaki ni mtihani wa kuongea, wiki ijayo. Nikipita, naondoka. Nikifeli, nabaki kupima vitambaa dukani mpaka nizeeke na futi yangu mkononi.

Na swali ambalo nyumbani hakuna anayethubutu kuliuliza: nikienda kutunza wazee wa watu, mzee wangu atabaki na nani? Nimeliandika hapa kwa kuwa hapa hakuna wa kunijibu.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwogesha Baba huku nikifanya mazoezi. "He is washed every morning." Nikamkausha. "He has been washed." Akanitazama kwa lile jicho lake. Kiharusi kimemchukua upande wa kulia na maneno yote isipokuwa "ah" na "basi". Upande wa kushoto mzima kabisa. Alikuwa mwalimu wa udereva, na jambo likimuudhi bado anakanyaga godoro kwa mguu wa kushoto. Kaka anasema breki imekufa, klachi imebaki. Utani huo Kaka anausemea nje, karakana, kwenye friji za watu anazotengeneza. Chumbani kwa Baba haingii nao.

Nilipomaliza, Baba alikanyaga. Sijui ni Kiingereza changu au maji yalikuwa baridi.

Alhamisi, 6 Machi

Bi Zamu leo ameleta mchezo mpya. Kukabidhi zamu. Wewe umemaliza kazi, yeye anaingia. Mweleze mgonjwa yukoje. Kinyozi akaanza kwa mbwembwe: mgonjwa anaogeshwa, analishwa, anapewa dawa. Bi Zamu akamkatiza. Akasema kwamba hayo hata ukuta unayajua. Yale ya kila siku yamebandikwa mlangoni. Yeye anayeingia anataka kujua leo, kabla hajavua koti: nini kimefanyika, nini bado. Wodini kwao, alisema, nesi aliyekabidhi kwa desturi alirudishwa kitandani kwa mgonjwa, akaambiwa aangalie kwa macho yake, aanze upya.

Zamu yangu. Sina mgonjwa wa kubuni, nikamtumia Baba. Ameogeshwa. Amekula uji, nusu bakuli. Amegeuzwa asubuhi. Nilikuwa nateleza vizuri, hata Kinyozi alikuwa ananionyesha dole gumba. Ndipo Bi Zamu akauliza: na mchana?

Nikasema, "He is turned."

Akauliza, na nani?

Nikasema sentensi ya aina hii haihitaji mtu, si ndivyo alivyotufundisha Jumatatu? Darasa zima likavunjika mbavu. Bi Zamu hakucheka. Aliniangalia tu, kisha akaita mwingine.

Sijapenda alivyoniangalia.

Ijumaa, 7 Machi

Niliporudi kutoka dukani nilimkuta Kaka kapiga magoti nyuma ya friji ya mtu. Nikamuuliza, Baba mchana anageuzwa? Hakuinua kichwa. Akasema anageuzwa bwana, wewe soma Kiingereza chako usitie watu presha. Nikaenda kwa Wifi barazani, yuko kwenye cherehani na sare za watoto wa shule hadi kifuani. Nikamuuliza yaleyale. Akasema, "Anageuzwa, wifi yangu, kwani umeona nini?" Akaendelea kukanyaga.

Wote wawili wamejibu haraka. Wote wawili wameudhika kidogo. Baba mwenyewe alikuwa amelala chali, shuka limenyooka vizuri kabisa.

Niliridhika. Ndiyo, niliridhika. Nimechoka, nina mtihani.

Jumapili, 9 Machi

Lazima niandike.

Jumapili siendi dukani, kwa hiyo nilimwogesha taratibu, kwenye mwanga. Siku nyingine namwogesha kabla hakujapambazuka sawasawa, nakimbilia kazini, nampaka mafuta kwa kupapasa. Leo nilimlaza ubavu, nikavuta shuka – shuka likagoma. Limeshika. Chini ya mgongo, pale mfupa ulipo, kidonda. Kipana kama kiganja cha mtoto. Kibichi.

Sikupiga kelele. Nililowesha shuka mpaka likaachia. Baba hakusema "ah" hata mara moja. Alikuwa ameuma mto.

Halafu nikatoka nje nikapiga kelele.

Kaka akaja na bisibisi mkononi. Wifi akaja na sindano mdomoni. Nikawauliza nani anamgeuza Baba mchana. Nani. Jina. Kaka akamtazama mkewe, Wifi akamtazama mumewe, na hapo hapo nikajua. Sikuhitaji jibu.

Wifi alitoa sindano mdomoni kwanza. Akasema yeye anampelekea maji na chakula, anamlisha, anamfuta mdomo. Kumgeuza alijua ni kazi ya mumewe. Mzee ana uzito wake. Halafu yeye ni mkwe, avute nguo za baba mkwe bila kuambiwa? Kaka akasema, si wewe ndiye unaingia na kutoka humo kila saa? Mimi nikiona mlango unafunguliwa najua anageuzwa! Wifi akasema, na mimi nikisikia nyundo imenyamaza huko karakana najua umeingia kwake!

Hakuna aliyedanganya. Hilo ndilo linaloniuma. Kila mmoja alisema alichoamini. Na mimi? Mimi nilikuwa nawaambia majirani vilevile, kwamba mzee wetu anaangaliwa vizuri, yupo na watu nyumba nzima. Ni kweli. Nyumba imejaa watu.

Wifi amelia. Kaka amerudi karakana, amewasha kompresa ya friji isiyo na kasoro yoyote, imenguruma hadi jioni.

Jumatatu, 10 Machi

Sikwenda dukani, sikwenda darasani. Muuguzi wa zahanati alikuja. Anasema kidonda hakijafika ndani. Kitapona, ila dawa yake kubwa ni kumgeuza, kila baada ya saa mbili, bila kuruka. Chupa ya dawa ameacha, lakini alirudia mara tatu kwamba chupa haigeuzi mtu.

Kaka alisimama mlangoni muda wote. Mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Muuguzi alipoondoka nilimfuata Kaka. Nilikuwa nimejaa maneno, nikayameza, kwa sababu alianza yeye. Alisema, "Mdogo wangu, siwezi kumshika." Nikadhani ni kinyaa, nikataka kumvaa. Akasema siyo. Akasema akiingia mle ndani anakuwa tena kijana wa miaka kumi na minane nyuma ya usukani, na Baba pembeni anapiga dashibodi, hapana, hapana, hapana! Mwishowe Baba alimshusha barabarani mbele ya watu, akamwambia aende kwa miguu, gari si la mikono yake. Kaka hajashika usukani tangu hapo. Friji za watu anazifuata kwa baiskeli. Anasema akimnyanyua Baba mikono itakosea tu, na Baba atamtazama vilevile.

Mtu mzima! Ana watoto, ana karakana, watu wanamwita fundi kwa heshima. Nilitaka kumcheka na nilitaka kumkumbatia. Sikufanya hata moja. Nikamwambia godoro halina dashibodi. Akatabasamu upande, akarudi kazini.

Jumatano, 12 Machi

Nimeanzisha makabidhiano nyumbani. Kwa Kiswahili, kwa hiyo hakuna kisingizio. Sheria ni moja: hatusemi "anageuzwa". Tunasema amegeuzwa, na nani. Au hajageuzwa. Kisha tunaingia wote kumwangalia.

Wifi ameshika mara moja. Nilipoingia tu getini akasimama kama askari: Baba amekula, amekunywa, amegeuzwa mara nne, nimemgeuza mimi, na mgongo unaniuma, na kikombe kimevunjika, nimekivunja mimi pia. Bi Zamu angempa cheti. Nimemfundisha ile mbinu ya shuka la kuvutia chini ya mwili, hutumii nguvu nyingi. Uoga wa kumgusa mkwe umemtoka siku hiyohiyo. Anasema Baba alipogeuzwa mara ya kwanza alifumba macho, akafumba na yeye, wakamaliza salama.

Kaka nilimuuliza, zamu yako? Akasema kulikuwa na mteja. Jana kulikuwa na gesi imevuja. Zamu ya mchana anaibeba mkewe, na sare za watoto zinalala.

Baba amelala ubavu wa kushoto, anatazama ukuta. Kidonda hakijaongezeka.

Alhamisi, 13 Machi

Mtihani. Nimepita!

Chumba kidogo, kompyuta, mwanamke kwenye kioo huko aliko, miwani puani. Alinipa mgonjwa wa karatasi: bibi, umri kadha, mguu umevunjika. Nikakabidhi. Ulimi ulitembea wenyewe, kila "has been" mahali pake, kila "is" mahali pake, kwa sababu kila niliposema jambo limefanyika nilikuwa naona mikono ya mtu ikilifanya. Sikufikiria sarufi kabisa. Nilifikiria lile shuka lilivyogoma.

Mwishoni akauliza, kama mazungumzo tu, nimejifunzia wapi kazi hii. Nikasema kwa baba yangu. Akasema pole, akauliza kwa sasa anatunzwa na nani. Nikafungua mdomo. Nilikuwa na sentensi nzuri, fupi, haina kosa hata moja, ile ile ya desturi – "He is looked after at home." Nilishindwa kuitoa. Nikasema, "My brother. We are trying." Akaandika kitu. Sijui aliandika nini. Lakini nimepita.

Kinyozi naye kapita. Tulikumbatiana nje ya jengo mpaka mlinzi akatuambia tusizibe njia. Wakala anataka jibu langu la mwisho Jumanne, kabla ofisi haijafungwa. Nikikaa kimya nafasi anapewa mwingine aliye kwenye foleni.

Ijumaa, 14 Machi

Nimewaambia. Wifi amepiga vigelegele, kisha akakaa kwenye stuli na kushika tama. Kaka alikuwa anakaza skrubu. Akasema, "Nenda." Skrubu ilikuwa imeshakaza, akaendelea kuizungusha.

Baba nimemwambia mwenyewe, nimekaa kitandani kwake. Aliushika mkono wangu kwa ule mkono wake mzima. Nilitegemea atakanyaga. Hakukanyaga. Akasema "basi". Basi ya aina gani, Baba? Basi nenda? Basi imetosha? Basi nimekwisha? Nilimuuliza. Akafumba macho.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda kwa Bi Zamu kumshukuru, nikaishia kulia kwenye kochi lake. Alinipa kitambaa, akaniuliza swali moja: tangu Jumapili, kuna mchana hata mmoja ambao nyumba ile imejiendesha bila mimi kuuliza? Nikasema hapana, nauliza kwa simu, nauliza nikirudi, nauliza nikiota. Akasema basi bado hujui kitu. Nesi asiyetoka wodini, zamu inayofuata haianzi.

Anataka nihame nyumbani hadi Jumanne. Nisipige simu mchana. Jioni, mara moja tu, nipokee makabidhiano. Nimemwambia ni ukatili. Akasema ndiyo, na ndege je?

Jumapili, 16 Machi

Niko kwa Mama Mdogo. Kanipa chumba cha nyuma, chenye pasi, magodoro na ndoo zake zote. Kila nusu saa anauliza kama nimeshiba.

Jioni nilipiga. Wifi akakabidhi: kila kitu kimefanyika, amefanya yeye. Kaka? Kaka alishika taa.

Alishika taa! Mchana kweupe!

Jumatatu, 17 Machi

Nimekaa dukani kama mtu aliyekalia kaa la moto. Nimekata kitambaa cha mteja kifupi. Mchana niliitoa simu, nikairudisha, nikaitoa, nikampa mwenzangu wa kaunta anifichie.

Jioni Wifi akakabidhi, kikamilifu. Kidonda kimeanza kukauka pembeni, anasema ameona kwa macho yake. Nikamshukuru. Akasema subiri, sijamaliza. Sauti ilikuwa tulivu mno, nikakaa chonjo.

"Wifi yangu, kesho alfajiri mimi naenda kwetu. Mama yangu naye ni mzee, naye ana mgongo. Nitarudi keshokutwa. Nimeshamwambia kaka yako."

Nikasema kesho ndiyo Jumanne! Akasema anajua kesho ni siku gani. Akasema ukiondoka wewe nikabaki mimi, umenikabidhi mimi, hukumkabidhi yeye. Na mimi sikuolewa na baba yako.

Nilikasirika. Nilikasirika dakika nzima. Lakini ana haki. Nikamuuliza Wifi, Kaka alisemaje alipoambiwa? Akasema alinawa mikono kwa sabuni ya grisi, akanawa tena, akanawa tena.

Jumanne, 18 Machi

Asubuhi. Sikulala. Wifi ametuma ujumbe, yuko njiani. Baba yuko na Kaka. Watoto wako shule, wamebaki watu wawili ndani ya nyumba ile na hakuna mlango mwingine wa kusikia ukifunguka.

Mchana. Simu mfukoni. Sijapiga. Bi Zamu anivishe medali. Wakala amepiga, nimemwambia jioni. Amenikumbusha saa ya kufunga kana kwamba nimeisahau.

Jioni. Nimeomba ruhusa kazini, niko chumbani kwa Mama Mdogo, mlango nimefunga. Nimepiga. Simu iko juu ya godoro, spika imefunguliwa, nami naandika ili vidole vipate cha kufanya.

Imeita, imeita, Kaka kapokea. Anahema. Nikamuuliza, Baba amegeuzwa? Akasema subiri. Nikasema Kaka, nijibu, amegeuzwa au hajageuzwa? Akasema subiri bwana! Amechafuka. Kila mahali, mpaka shuka.

Nikamwambia tulia. Beseni liko chini ya kitanda, taulo kwenye kamba, anza –

Akanikatiza. Akasema, "Usiniambie. Ananionyesha mwenyewe."

Namsikia. Simu ameibana kwa bega, nadhani, maana sauti inakuja na kwenda. "Hapa? Hapa, Baba? Haya. Naushika huu kwanza. Sawa. Nimeona." Maji yanamwagika kwenye beseni. Kitanda kinalia. "Ah," anasema Baba. Kaka anasema samahani. "Ah." Samahani, Baba, samahani, nimekosea, ngoja nianze tena. Nimeng'ata kalamu. Sasa hivi ataiacha, sasa hivi atatoka aende karakana.

Hajatoka. Ananong'ona kitu ambacho si changu.

Mama Mdogo anagonga, anauliza kama nitakula. Wakala anafunga saa kumi na moja, na saa ya ukutani huko sebuleni nimeisikia ikigonga kumi na nusu. Nikitaka kumpigia lazima nikate hii.

Kitanda kimelia tena, kwa nguvu. Kaka kaguna kama mtu aliyebeba friji ngazini. Halafu sauti yake, karibu sana, na ina kicheko ndani yake au ina kilio, siwezi kutofautisha:

"Kata simu wewe! Mimi siwezi, nimemshika kwa mikono yote miwili!"

Kidole kiko juu ya kitufe. Namsikia Baba anapumua. Kata, anasema tena, kata bwana. Nimekata.